Mwili Uliokataa Kukonda

Joan alimzunguka mdogo wake kama mnunuzi anayekagua ng'ombe mnadani, kisha akacheka.

"Ati hii ndiyo mazoezi? Nasambu, hakuna kitu imepungua hapa. Labda soli za viatu."

Nasambu alikuwa bado mlangoni pa nyumba ya wazazi wao, nje kidogo ya mji wa Bungoma upande wa Kibabii, mkoba begani. Alikuja kutoka Kitale kuwasalimia, kama alivyofanya Jumapili nyingi. Alipita moja kwa moja hadi jikoni kwa mama.

Uchungu ni kwamba Joan hakusema uongo. Tangu mwanzo wa mwaka Nasambu alikuwa akiamka kabla ya jua na kukimbia barabara ya vumbi iliyopita nyuma ya mashamba ya mahindi. Chapati aliacha. Soda aliacha. Hata chai ya maziwa, ambayo ukoo wao wote hauwezi kuishi bila yake, aliiacha. Jioni alikula sukuma wiki na kipande cha ugali cha kumtosha mtoto. Na bado sketi zilimbana palepale zilipombana zamani.

Watu wa Kitale walimfanyia mzaha. Vijana wa bodaboda walimpigia honi. "Madam, panda tu, utafika leo!" Wanawake wa sokoni waliguna na kugeuza nyuso ili wacheke vizuri. Ni Mamta tu, mwenye duka la mapazia alikoshona Nasambu, ambaye hakumcheka.

"Achana na mizani," Mamta alimwambia. "Zamani ulikuwa unapumzika katikati ya ngazi zangu. Siku hizi unapanda na mzigo wa vitambaa na unaongea. Hiyo hujaona?"

Nasambu alikuwa ameona. Lakini nani hutembea na ngazi ili watu waone?

Maneno ya watu wa Kitale aliyaacha yapite. Ya Joan yalimwingia mifupani. Joan ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, ndiye aliyepigana na wasichana wakubwa shuleni kwa ajili yake. Sasa alikuwa ameacha kazi ya ualimu, akawa anashinda barazani amejifunika shuka, mwembamba kama ufito, akinywa maji kwa mafunda madogo na kurusha maneno. Wageni walimsifu. "Joan, umekuwa kasichana! Siri ni gani?" Joan alitabasamu tu. Kama kuna mtu aliyepaswa kumhurumia Nasambu, ni yeye. Badala yake alimdharau kuliko wote.

Alimfuata hata kwa simu. "Umekimbia leo? Barabara haijapasuka?" Siku nyingine: "Wengine Mungu aliwaumba wakae chini. Si ukubali tu?"

Mbaya zaidi ilikuwa kwenye ubatizo wa mtoto wa binamu yao, huko Kimilili. Chakula kilipoletwa, Joan alichukua sahani, akaijaza chapati na mapaja ya kuku, akavuka ua wote na kuiweka kwenye mapaja ya Nasambu mbele ya wageni.

"Jameni, mwoneni mwanariadha wetu! Anakimbia Kitale nzima, na mafuta yanakimbia naye. Kula, bana. Mwili umekataa. Hii aibu unajitafutia bure."

Watu waliangua kicheko. Nasambu aliinamisha kichwa, akala, machozi yakidondokea mchuzi. Joan peke yake hakucheka. Alisimama pale akimtazama anavyotafuna.

"Kwa hivyo umeacha?" aliuliza polepole.

Nasambu alichukua kipande kingine cha chapati.

Aliporudi Kitale, kulikucha akiwa amelala. Siku iliyofuata alilala tena. Akanywa chai ya maziwa na sukari, vikombe viwili, bila kuona utamu wake. Kisha simu ikalia.

"Watoto wako wameniambia unalala mpaka jua linatoka," Joan alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Afadhali. Nilijua huwezi. Wewe tangu zamani ni mtu wa kuanza na kuacha."

Nasambu alianza kutafuta viatu chini ya kitanda simu ikiwa bado sikioni.

Tangu hapo alikimbia kwa hasira. Mvua ilimnyeshea, matope yakamfika magotini, hakurudi nyuma. Kila mlima aliupanda akimwona Joan huko juu, midomo imepinda. Siku alizochoka, hakujipa moyo kwa maneno mazuri. Alikumbuka sahani ile, miguu ikaenda yenyewe.

Mvua zilipokwisha, daktari wa Joan aliwaita wote wawili hospitalini Eldoret. Joan alikaa karibu na dirisha, hakumwangalia mdogo wake. Daktari alimpima Nasambu, akaenda, akarudi na majibu.

"Kilo zako, mama, karibu hazijasogea."

Joan alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyeshinda kesi.

"Lakini presha imeshuka na imekaa," daktari aliendelea. "Moyo wako ni wa mkimbiaji. Damu ni safi. Vipimo vyote vimetupendeza. Unafaa."

Nasambu alimgeukia dada yake. Mwaka mzima alikuwa ameingoja saa hii, amwone akimeza maneno yake moja moja.

Joan alikuwa amemshika daktari mkono wa koti, analia.

"Mwambie hafai, daktari. Nimemtukana mwaka mzima ndio achoke aache. Ako na watoto wadogo. Mimi niacheni tu na mashine yenu ya kusafisha damu, na yeye abaki na figo zake zote mbili."