Mkanda wa Mapigo

"Luciana, una moyo wa dume la ng'ombe!" Nesi alikuwa amemaliza kusoma mkanda wa mapigo. "Presha imepanda, lakini wewe utavumilia. Gari la hospitali lina nafasi moja, anakwenda mjamzito mwenzako."

Mkanda huo wa kurekodi mapigo ya moyo, nesi alimfunga Luciana jana kifuani, akae nao kutwa.

Luciana na mama mkwe walipofika nyumbani tu, mama mkwe aliufungua. "Mwenye mimba hafungwi kamba, mwanangu. Mtoto atajinyonga na kitovu." Akajifunga mwenyewe, maana kifaa cha nesi hakikai bure, akaenda kupepeta uwele.

Sasa mama mkwe, bibi wa miaka sitini, alipokea sifa zake kwa meno yote. "Dume la ng'ombe! Umesikia?"

Luciana alifungua mdomo. Mama mkwe akamminya mkono uliovimba. Kidole kilipotoka, shimo lilibaki.

"Una neno?" nesi aliuliza.

Mkwe hasutwi mbele za watu.

"Hapana, sista. Kichwa tu."

"Kunywa maji. Dereva, twende!"

Gari likaondoka. Luciana alisimama, akapapasa hewani, macho kodo, akiutafuta mlango, na mlango ulikuwa wazi mbele yake.