Randa Iliyosema Hapana

Siku hizi randa ya umeme haiwaki mpaka wanachama wote wa kundi la mtandaoni la wapenda mashine za useremala waseme ndiyo. Kwa hiyo Bi Somoe, mjane wa fundi seremala Hatibu, alijiunga, maana mjukuu wake Nasra alikuwa karibu kujifungua na mbao za kitanda cha mtoto zilikuwa bado hazijapigwa randa.

Walimpokea vizuri. "Karibu, bibi yetu! Usije ukatunyang'anya wateja," mmoja alimtania. Ndiyo zikamiminika. Ikaja hapana moja tu: "Shikamoo, bibi. Samahani, mikono yako inatetemeka."

"Marahaba, mwanangu," aliandika Bi Somoe. "Umeniona wapi? Wewe mtoto wa nani?"

"Mimi ni randa yako, bibi. Niko hapo mezani. Sisi mashine nasi ni wanachama. Mzee Hatibu aliniomba nisikuumize."

Bi Somoe alisoma mara tatu. Adabu aliiona, na huruma pia, lakini hakujua amshukuru nani.

"Sasa mtoto atalala wapi?" aliuliza kwa sauti, naye yuko peke yake chumbani. Kisha akashtuka kujikuta anasubiri jibu.