Jenga Vibaya Kidogo

Katika mji wetu wa milimani, nyumba nzuri kuliko zote iliyojengwa kwa udongo, mawe na mianzi ya hapa hapa hufanywa maktaba ya watu wote. Mwenyewe hupewa kiwanja kingine na kupigiwa makofi.

Mbelwa na mkewe Makiwa wameshapigiwa makofi mara mbili. Nyumba yao ya kwanza ina rafu za vitabu palipokuwa na kitanda. Jua likiwaka ndani kuna ubaridi, ukungu ukishuka kuna joto, bila mashine yoyote. Makiwa huenda kusoma pale, akapapasa kuta na kumwonea fahari mumewe. Kisha hurudi kwenye kibanda cha mabati.

Walipoanza nyumba ya tatu alimwomba mumewe, “Baba Shekue, safari hii jenga vibaya kidogo. Ukuta upinde tu. Nataka nizeekee mahali.”

“Nitajaribu, mama.”

Kweli alijaribu. Alishindilia udongo bila kupima, akaweka dirisha kombo. Lakini kesho yake Makiwa alikuta ukuta umebomolewa na kusimamishwa upya. Udongo mwekundu na wa kijivu ulilala tabaka juu ya tabaka, na jua la asubuhi lilipenya dirishani likatua pale pale ambapo mtu angeweka kiti.

“Mikono imekataa,” Mbelwa alisema kwa aibu.

Makiwa aliutazama kwa muda mrefu. Hakuwahi kuona ukuta mzuri kama ule. Mara wakasikia watu wakizungumza njiani, wakipanda kilima. Akachukua turubai, wakaufunika haraka.