Somo la Kutojibu

Mwalimu wa watoto wenye vipaji haruhusiwi kuwapa jibu. Kila swali analijibu kwa swali. Mwaka mzima wa mafunzo kazini, Atuganile alivaa kidude cha sikioni kinachomsikiliza, na jioni alikivua akawa mama kama mama wengine.

Kisha binti yake Tusekile, mwenye miaka saba, akapimwa akaonekana ana kipaji. Tangu hapo mtoto wake naye ni mwanafunzi wake, na kidude hakivuliwi hata nyumbani. Mumewe alisema hawezi kuishi na mke anayehoji kama polisi. Atuganile ameshateleza mara mbili akampa mtoto jibu. Akiteleza tena, mtoto anahamishiwa kwa mlezi aliyefuzu.

Leo alikuwa anachambua mchicha Tusekile alipoingia jikoni.

"Mama, baba amehama?"

"Kwa nini unafikiri hivyo, mwanangu?"

"Mswaki wake haupo. Na umepima mchele wa watu wawili."

"Hayo yanakuonyesha nini?"

"Kwamba harudi." Mtoto akamsogelea. "Ni kwa sababu yangu?"

Atuganile aliacha mchicha. Alitaka kupiga kelele kwamba hapana, hapana kabisa. Kidude kikatetemeka sikioni. Hata kutikisa kichwa kinamhesabia kuwa jibu.

"Wewe unaonaje?" akauliza.

Tusekile alifikiri, kisha akaitikia kwa kichwa taratibu, kama afanyavyo kila akipata jibu la hesabu. Akaenda kupanga sahani, mbili.

"Hongera, mwalimu," kidude kikanong'ona. "Umefuzu."