Kidevu cha Kupapaswa

Mteja alizisukuma picha kando bila kuzitazama.

"Picha hazinisaidii, dada. Nataka kugusa."

Fundi wa leza alikuwa ameona vituko vingi katika chumba kile chenye kitanda kimoja na mashine tatu, lakini hiki kilikuwa kipya. Wanaume waliokuja kuondoa ndevu waliuliza bei, wakauliza maumivu, wakaishia kujitazama kwenye kioo. Huyu alikuwa amekipa kioo kisogo.

"Hapa si sokoni, kaka, tubonyeze nyanya," alimtania. Halafu akamwonea huruma, maana macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Akakunja mikono ya koti lake jeupe. "Haya. Mkono huu nilijiondolea nywele kwa mashine ya dayodi, huu kwa ya yagi. Gusa."

Mwanamume alifumba macho, akapitisha ncha za vidole polepole, mkono mmoja kisha mwingine, akarudi kwenye ule wa kwanza.

"Huu una kitu hapa, karibu na kiwiko."

"Niliungua kidogo. Nilikuwa bado najifunza, nikaongeza moto." Fundi alishangaa. Alama ile hata mumewe hakuwahi kuigundua. "Kwani unatafuta nini?"

"Mama yangu haoni. Anatujua kwa vidole."

Akaeleza kwa sauti ya chini. Walizaliwa wawili, sauti zao hazitofautiani. Mmoja aliota ndevu ngumu tangu shuleni, mama akambandika jina la Brashi. Mwingine, Kitinda, alibaki na kidevu laini kama cha mtoto mchanga, na mama hakuchoka kukishika na kumdekeza mbele ya watu. Kisha ikaja ajali. Waliingia garini wawili, akatoka mmoja.

"Nilikuwa hospitalini, uso mzima bandeji. Mama akaletwa kwa kushikwa mkono. Akauliza, 'Kitinda, ni wewe?' Nikaitika. Moyo wake ni mbovu, dada. Anamlilia Brashi kutwa, lakini angalau anakula. Mama mdogo anakaa mlangoni kuwaonya wageni wachunge midomo. Mimi nimemwambia madaktari wamekataza uso wangu kuguswa. Lakini ipo siku atanishika. Akikuta ndevu, nitampoteza na yeye."

"Na wewe sasa zimeanza kukuota," fundi alisema taratibu. "Zitamkumbusha marehemu."

"Zitamkumbusha Brashi."

"Wembe je?"

"Nikinyoa asubuhi, jioni zinachoma. Halafu vipele vinanijaa shingoni."

Fundi akavuta kiti, akaacha utani. Akamwonyesha mashine ya kwanza, aleksandraiti. Hiyo ni ya haraka, alisema, ila inakimbilia rangi, na ngozi nyeusi kama yao ina rangi tele, kwa hiyo inaweza kuunguza juu kabla haijaufikia mzizi. Dayodi ni ya katikati. Inafanya kazi nzuri kama mkono wa fundi umetulia. Yagi inapita ngozini bila kuibughudhi, inaufuata mzizi hukohuko chini.

"Ipi haiachi alama kabisa?"

"Hakuna wa kukuapia hilo. Ila kwa ngozi yako, yagi ndiyo salama kuliko hizi nyingine. Lakini inauma, na utarudi hapa mpaka unichoke."

"Kuuma si neno."

"Na nikuambie mapema: mizizi ikishakufa, imekufa. Usije siku moja ukatamani kufuga ndevu ukaja kunililia."

"Sitazihitaji tena."

Alilala, akafunikwa macho kwa miwani myeusi. Fundi alipoinama kupaka jeli aliona machozi yakitiririka chini ya miwani hadi masikioni.

"Kaka, bado hata sijawasha."

"Wewe endelea tu, dada."

Alirudi miezi ikipita, hakukosa hata mara moja. Nywele zilianza kupukutika kwa mabaka, kisha zikawa malaika laini, kisha chache za ubishi pembeni mwa taya. Fundi naye alibadilika. Badala ya kuzitafuta kwa taa, alijifunza kufumba macho na kuzisaka kwa vidole, na akigusa hata moja aliifuata palepale. Wakati mwingine roho ilimuuma, akatamani kumuuliza kama yeye mwenyewe amepata nafasi ya kulia.

Siku ya mwisho alipitisha kidole kutoka sikio hadi sikio. Hakikukwama popote.

"Nenda kwa mama," alisema.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akikunja nguo za Brashi zilizofuliwa ingawa hakuna wa kuzivaa. Mama mdogo alipomwona kijana akiingia, alitoka nje upesi huku amejiziba mdomo kwa upande wa kanga.

"Madaktari wameruhusu, mama."

Mikono ya mama ilipanda kifuani, ikapita shingoni, ikafika kidevuni. Vidole vilipapasa mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili kwa hamu, kisha vikatulia pale kama vilivyokuwa vikitulia zamani. Mama alicheka na kulia kwa pamoja.

"Kitinda wangu. Nitakuambia jambo, usimwambie mtu. Brashi namlilia, ni damu yangu. Lakini siku ile, waliponiambia kapona mmoja tu, niliomba uwe wewe."

Brashi aliubusu ule mkono, akasema, "Najua, mama."