Mbwa wa Ijumaa

Kamba haikukatwa wala haikutafunwa. Ilikuwa imefunguliwa, ikaviringishwa vizuri na kutundikwa kwenye tawi la mkorosho, kama kitu cha kuazima ambacho mwenyewe atakihitaji tena.

Francis aliitazama. Ilikuwa Ijumaa ya nne. Njiani mbwa wake, Askari, alikuwa anabweka, kengele ya baiskeli inalia, na sauti anayoijua inaita, "Francis! Mbwa wako huyu!"

Alipofika, mambo yalikuwa yamekwisha. Askari alikuwa amekaa katikati ya njia, anatikisa mkia. Khamisi, fundi cherehani, alikuwa amesimama kando ya baiskeli yake, ameshika pindo la kanzu lililolowa mate.

"Haumi huyu, mzee Khamisi."

"Nani kasema kauma? Kanilamba! Angeniuma ningekwenda zahanati. Na hili la kulambwa nilipeleke wapi?"

Alikuwa na hoja. Mate ya mbwa ni najisi nzito. Palipolambwa paoshwe mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo, ndipo mtu aswali. Msikiti ulikuwa kilomita tatu mbele. Kisima cha karibu kilikuwa uani kwa Naima, mjane, na kwa kawaida mwanaume hasimami pale bila sababu. Khamisi alikokota baiskeli kuelekea huko, akinung'unika. Kama Ijumaa tatu zilizotangulia, alifika msikitini hotuba imekwisha.

Kesho yake Francis aliitwa kwa Bakary, mwenyekiti wa kitongoji. Waendesha baiskeli wa njia ile walikuwa wamejaa barazani.

"Mimi alinifukuza mpaka darajani," alisema Idd, muuza samaki. "Nilikanyaga pedeli mpaka mnyororo ukaruka. Mwenyewe yuko shambani ananipungia mkono, eti usiogope!"

"Siku hizi namfunga," alisema Francis.

"Unamfunga," alisema Bakary. "Halafu kila Ijumaa kamba inajifungua yenyewe. Inataka kwenda kuswali?"

Watu wakacheka. Francis hakucheka. Kabla ya kumpata Askari, nguruwe pori walimaliza nusu ekari ya muhogo kwa siku mbili. Tangu ampate, hakijapotea hata kiazi kimoja, na muhogo ule ndio chakula cha watoto wanne.

Bakary alimgeukia Khamisi, kwa kuwa ndiye aliyedhurika zaidi.

"Kumuua ni kuzidisha," alisema Khamisi, akitazama viatu vyake. "Mnyama hana akili. Afungwe tu."

Naima naye aliulizwa, maana maji yanayotumika ni yake.

"Maji yapo mengi," alijibu. "Mimi sijalalamika."

Bakary alimsifu kwa subira yake mbele ya watu wote, kisha akatoa uamuzi. Mbwa akionekana njiani Ijumaa nyingine, ataitwa bwana mifugo na sindano yake, na Askari hatarudi nyumbani.

Francis alirudi na jina moja kichwani: Hussen, jirani yake, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akigombea naye mikorosho miwili ya mpakani.

"Vipi, jirani?" Hussen alimwita kutoka upande wake. "Nasikia mbwa wako kahitimu kufungua mafundo. Mlete anifungulie na mimi magunia."

"Umemsikia?" Francis alimwambia mkewe.

"Nimemsikia," alisema Veronika. "Hussen naye ana muhogo. Nguruwe wakimaliza wetu, wataanza wake. Anajua hilo. Tafuta mwingine." Akaendelea kupepeta mchele. "Mimi namhurumia Khamisi. Hana hata mke wa kumfulia hiyo kanzu."

Francis hakushawishika. Alitaka ushahidi, na picha haina ubishi. Ijumaa ilipofika, alimfunga Askari kwa mafundo matatu, akaikaza kamba kwa meno, kisha saa tano na nusu akajilaza ndani ya mbaazi, simu mkononi.

Saa sita kasoro robo akasikia hatua. Alikuwa Hussen, jembe begani. Alisimama mbele ya mbwa. Francis akainua simu.

"Pole, mfungwa," Hussen alimwambia mbwa, akapita zake.

Dakika kumi baadaye akaja Khamisi, kanzu nyeupe, baiskeli anaikokota. Kengele haikulia. Francis alitaka kuinuka amwambie apite tu kwa amani, leo fundo limekaza. Lakini Khamisi hakupita. Aliegemeza baiskeli kwenye mkorosho, akatazama huku, akatazama kule, akapiga magoti.

Mafundo matatu yalimchukua muda mfupi kuliko aliotumia Francis kuyafunga. Kisha akatoa mfukoni kipande cha papa mkavu, akakisugua kwenye pindo la kanzu, akanyoosha mguu.

"Taratibu," alinong'ona. "Usichane."

Askari alilamba mpaka kitambaa kikalowa. Safari hii Khamisi hakuita mtu. Alimfunga mbwa tena, mafundo matatu yaleyale, akampa papa aliyebaki, akajipangusa magoti na kuchukua baiskeli yake.

Simu ya Francis ilikuwa bado juu, haijapiga hata picha moja. Ng'ambo ya njia, Naima alikuwa ameshatoka uani, amejitanda khanga mpya, anapanga viti viwili.