Mkono wa Ambokile

Tusekile alisukuma kipanya cha pili cha dukani, mshale ukachelewa tena kwenye skrini. Kilibaki cha marehemu kaka yake Ambokile, chepesi, kinachofaa mashindano ya michezo ya kompyuta. Lakini siku hizi kipanya hujifunza mkono unaokishika na kuuiga mwendo wake, na sheria za mashindano hutaka mkono wa mwingine ufutwe kwanza.

“Baba, nifute?”

Mzee Lutengano alikifunika kwa kiganja. Kikamvuta kushoto kwa pupa, kama alivyocheza mwanawe.

“Mwone! Bado ana haraka za kijinga.” Akacheka.

“Usajili unafungwa kesho jioni, baba.”

“Basi kesho, mwanangu. Leo niachie nimshike.”

Tusekile akaacha kitufe cha kufuta. Hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba kadiri anavyokishika, kipanya kinajifunza mkono wake na kuusahau wa Ambokile.